Mgonjwa wa Kansa na Moyo Wake

Mwezi huu tunazungumza na familia zenye mgonjwa aliyekwisha kurudi nyumbani kutoka Ocean Road.

Mama mmoja wa hapa Mafia alimaliza dawa zake za kansa ya titi huko Dar es Salaam, akavuka kurudi, na jamaa zake wakamshukuru Mungu. Miezi kadhaa baadaye akaanza kuchoka. Kwenda kisimani alipumzika njiani mara mbili. Usiku aliomba mto wa pili, kisha wa tatu, na ikifika jioni viatu havimwingii. Nyumbani wakasema ugonjwa umerudi, basi tumwache apumzike. Dada zake walimleta kwetu kwa sababu tu hakuweza tena kulala. Tulipompima, kansa haikuwa imerudi. Moyo ndio uliokuwa umechoka, na moyo una dawa zake.

Jambo hili hutokeaje? Dawa za kansa zimetengenezwa kuua chembe zinazokua upesi, lakini baadhi yake huidhuru pia nyama ya moyo. Inayojulikana zaidi ni doksorubisini, ile dawa nyekundu inayotiwa mshipani. Hata mkojo hutoka mwekundu siku moja au mbili baada yake, na hiyo si damu, msitishike. Asili yake ni bakteria waliopatikana katika udongo wa Italia miaka ya 1950. Hutibu kansa ya titi, kansa ya tezi, kansa ya damu ya watoto, na nyinginezo. Ni dawa nzuri, imeokoa wengi, wala hatusemi ikataliwe. Ila nywele zilizonyonyoka huota tena, na nyama ya moyo iliyokufa haioti namna hiyo.

Kiasi cha dawa hii huhesabiwa kwa maisha yote ya mtu, si kwa dripu moja. Daktari hupima urefu na uzito, akapata ukubwa wa mwili kwa mita za mraba. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba katika wagonjwa 100 waliofikia miligramu 400 kwa kila mita ya mraba, moyo ulishindwa kazi kwa wapatao 5. Kwa waliofikia miligramu 550 walikuwa wapatao 26. Kwa sababu hiyo madaktari hujizuia wasifike huko. Wengi wa wenye kansa ya titi hupewa chini sana ya hapo. Lakini mwenye presha, mwenye kisukari, mzee, au aliyewahi kuugua moyo anaweza kudhurika hata kwa kiasi kidogo.

Hapo ndipo karatasi inapokuwa na thamani. Kansa ikirudi baada ya miaka sita na daktari mwingine asijue ulipewa kiasi gani, atahesabu kwa kubahatisha. Tumeona kadi zilizolowa maji ya bahari zisisomeke hata jina. Kabla ya kuondoka hospitali, ombeni muandikiwe majina ya dawa, kiasi chake na tarehe. Mkipanda boti Nyamisati, karatasi hizo ziwe ndani ya kopo lenye kifuniko, si katika kikapu cha nguo. Nakala moja ikae kwa ndugu wa Dar es Salaam.

Kabla ya kuanza dawa nyekundu inafaa moyo upigwe picha ya mawimbi ya sauti, ile iitwayo eko. Haiumi wala haina mionzi. Huonyesha moyo unasukuma sehemu gani ya damu iliyoujaza. Moyo mzima husukuma zaidi ya nusu kila unapopiga. Kipimo hicho kikishuka, mgonjwa anaweza kuanzishiwa vidonge kama enalapril au carvedilol hata kabla miguu haijavimba, na hapo moyo una nafasi kubwa zaidi ya kupata nguvu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Muhimbili. Mgonjwa akiwa bado Dar es Salaam, muulizeni daktari wake kuhusu eko, kwa maana akishavuka kurudi kisiwani safari ya pili ni nauli nyingine na siku nyingine za kungoja.

Mionzi nayo, ikipigwa upande wa kushoto wa kifua, inaweza kuudhuru moyo, na madhara yake hujitokeza hata baada ya miaka kumi. Kuna pia vidonge vya kapesitabini ambavyo wenye kansa ya utumbo humeza wakiwa nyumbani. Hivi vinaweza kubana mishipa ya moyo. Mtu anayevitumia akipata maumivu ya kifua, asimeze kingine, apelekwe hospitali siku ileile. Asingoje kesho eti boti imekwisha ondoka. Aanzie Hospitali ya Wilaya hapo Kilindoni.

Nyumbani angalieni pumzi na miguu. Bonyezeni mguu kwa kidole gumba juu ya kifundo. Kikiacha shimo, maji yamejaa. Mkiwa na mzani, mpimeni mgonjwa kila asubuhi kabla hajala. Akiongezeka kilo mbili kwa siku tatu, hayo ni maji, si afya, ingawa majirani watasema amenenepa. Mguu mmoja tu ukivimba na kuuma ni jambo jingine: huenda damu imeganda mshipani, na hilo halingoji. Kukata pumzi pia kunaweza kutokana na upungufu wa damu au malaria, kwa hiyo damu ipimwe. Tunachokataa ni ile hukumu ya sebuleni kwamba kansa imerudi.

Vidonge vya presha visiachwe kwa kuwa mtu ameanza dawa za kansa. Kosa hili tunaliona mara nyingi, na linatokana na nia njema: watu hudhani dawa zikiwa nyingi zitapigana. Mizizi na majani ndiyo ya kusimamisha, au angalau kumwambia daktari bila aibu. Hatutawagombeza.

Chakula kina taabu yake hapa kisiwani, maana kitoweo kikikosekana tunakimbilia papa mkavu na ng'onda. Chumvi yake huvuta maji mwilini. Lowekeni usiku kucha, mwageni maji, kisha mpike bila kuongeza chumvi. Samaki mbichi ni bora. Lakini mgonjwa aliyekonda na asiye na hamu ya kula msimnyime kijiko cha tui kwa kuuogopa moyo. Ale kwanza. Kuhusu maji, wakati wa dawa huambiwa anywe mengi. Miguu ikianza kuvimba amri hiyo hubadilika, muulizeni daktari kiasi.

Bado wako watoto waliopona. Msichana aliyetibiwa kansa akiwa na miaka minane anakua, anaolewa, anabeba mimba, na mimba huongeza kazi ya moyo. Yeye mwenyewe huenda hakumbuki hata jina la dawa. Mama yake ndiye anayekumbuka. Basi mama, siku binti atakapokwenda kliniki ya wajawazito mara ya kwanza, fuatana naye ukiwa na lile kopo la karatasi, umwambie mkunga kabla hajauliza.