Je, wajua? Herufi mbili zilizosomwa "yai"

Fungua kitabu chochote cha kiada cha Kiingereza, hukawii kuzikuta: e.g. Herufi mbili, nukta mbili, kisha mfano. Wengi wanaoziandika kila siku hawajui kuwa hicho si Kiingereza. Ni Kilatini, exempli gratia, yaani "kwa ajili ya mfano".

Zina jirani anayewachanganya watu: i.e., kifupisho cha id est, ambayo ndiyo "yaani" ya Kilatini. Ukiandika "matunda, e.g. embe", umechomoa moja tu kapuni; papai na nanasi bado yamo. Ukiandika "makao makuu ya Tanzania, i.e. Dodoma", umemaliza, hakuna mji mwingine wa kuutaja. Na kwa kuwa e.g. imeshadokeza kwamba orodha haijatimia, wahariri wakali hufuta etc. inayobandikwa mwishoni. Wana haki.

Kioja zaidi ni viz., ya kutaja jambo waziwazi. Inatokana na videlicet, neno lisilo na z hata moja! Wanakili wa Ulaya ya zama za kati, waliobana maneno ili kuokoa wino na ngozi, walimalizia kifupisho hicho kwa alama iliyofanana na tarakimu 3. Wapiga chapa wakaichapa kama z, na z ikabaki.

Mkato nao una siasa zake: Wamarekani huuweka baada ya e.g., Waingereza wengi hawauweki.

Tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, ilikwenda mbali zaidi, ikawa inaandika eg bila hata nukta. Programu zinazowasomea wasioona maandishi ya skrini zikawa zinatamka neno la Kiingereza lenye maana ya yai. Mwaka 2016 tovuti hiyo ikatangaza kuwa inaachana na vifupisho hivyo, ikiwafikiria pia wasomaji ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Kiswahili hakikuhitaji kukopa Kilatini. Kina k.m. na k.v., na msomaji akizifikia hutamka "kwa mfano" na "kama vile" bila kusita. Hazina hii inamfaa hata anayeandika Kiingereza: ukikwama kati ya e.g. na i.e., weka "kwa mfano" mahali hapo, kisha "yaani", usikilize ipi inakaa.