Kaka alirudi na siri kutoka kwenye bomba la gesi

Desemba iliyopita kaka yangu alirudi nyumbani Chonyonyo, wilayani Karagwe, kwa likizo ya wiki tatu. Mama alimpikia ndizi, akamwekea kahawa za kutafuna, na majirani wakaja kumsabahi. Siku ya tatu mama aliniita jikoni. Aliniuliza kwa sauti ya chini kwa nini mwanawe halali usiku, na mchana akiitwa anashtuka.

Ninaandika habari za afya. Nimeshaandika kuhusu usingizi na kuhusu moyo, lakini sikuwahi kumuuliza kaka yangu kazi yake inamfanya nini.

Kaka ni fundi sanifu wa umeme na vifaa vya vipimo kwenye miundombinu ya gesi asilia, kona nyingine kabisa ya nchi. Huko ndiko linakoanzia bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 na kipenyo cha inchi 36, lililozinduliwa Oktoba 2015. Gesi husafishwa Madimba, kisha husafiri hadi kwenye mitambo ya kuzalisha umeme kama ile ya Kinyerezi.

Kijijini wengi hudhani fundi wa bomba ni mchomeleaji. Kaka ni macho na masikio ya bomba. Huhakikisha vipimo vya mgandamizo, joto na mtiririko vinapeleka taarifa za kweli kwenye chumba cha udhibiti, vali zinajifunga hatari ikitokea, na vifaa vya kugundua gesi vinalia. Gesi hii kwa asili haina rangi wala harufu. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15, cheche moja inatosha kuilipua. Ndiyo maana kwenye maeneo hayo hata tochi huwa ni maalumu.

Shoti aliyoificha

Jioni moja tukiwa shambani, kaka alinieleza. Miezi miwili nyuma alifungua paneli aliyoambiwa imekatwa umeme. Hakupima mwenyewe kwanza. Alipigwa shoti, akaanguka na kuzimia kwa muda mfupi. Alipozinduka alimwomba mwenzake asiseme.

Alihofia kuondolewa kwenye zamu. Alihofia zaidi mama kumwambia aache kazi, na ada za wadogo zetu wawili zinatoka kwenye mshahara huo. Tangu siku ile moyo humwenda mbio ghafla, hasa usiku.

Umeme ukipita mwilini unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na alama ndogo kwenye ngozi inaweza kuficha jeraha kubwa ndani. Aliyezimia baada ya shoti, au anayehisi moyo kwenda mbio au maumivu ya kifua, anapaswa kufika hospitali siku hiyohiyo apimwe umeme wa moyo. Kaka alikuwa amechelewa miezi miwili.

Kesho yake tulikwenda hospitali. Kipimo kilionyesha moyo uko salama. Daktari alisema kilichobaki ni hofu ya ajali ile, pamoja na zamu za usiku zilizovuruga saa ya mwili, na kahawa ya jioni ilizidisha. Alimpangia kuonana na mshauri nasaha.

Usiku ule kaka alimweleza mama yote. Mama alinyamaza muda mrefu. Hakumwambia aache kazi. Alimuuliza tu: kama asingezinduka, nani angetupigia simu? Kaka hakuwa na jibu.

Familia ifanye nini

Ukimkuta mtu amenaswa na umeme, usimguse. Zima swichi kuu kwanza. Kama hajitambui na hapumui, ita msaada, kisha mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike.

Anayetoka zamu za usiku mpeni chumba chenye giza na utulivu. Mwili huchukua siku kadhaa kurudi kwenye mpangilio wake, hivyo vikao vya ukoo visianze asubuhi aliyoshuka kwenye basi.

Aliyeumia kazini atoe taarifa kwa mwajiri mapema. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) upo kwa ajili ya matibabu na fidia ya walioumia kazini, lakini ajali iliyofichwa ni vigumu kuidai.

Na muulizeni. Sisi tulikuwa tukimuuliza kaka habari za ada, mabati na mbolea, naye alitujibu hayohayo tuliyomuuliza.

Kaka amesharudi Kusini. Ameripoti ile ajali, na sasa hafungui paneli yoyote kabla ya kukata umeme, kuweka kufuli lake na kupima mwenyewe. Jina la mama na namba yake ya simu ameyaandikisha kazini. Mama naye akimpigia siku hizi, swali lake la kwanza ni kama amelala.