Je, Wajua? Mama wa Sinema na Hanga za Waya

Mommie Dearest ni filamu ya mwaka 1981 kuhusu Joan Crawford, nyota wa Hollywood, na Christina, binti aliyemwasili akiwa mchanga. Chanzo chake ni kitabu ambacho Christina alikitoa mwaka 1978, mama yake akiwa ameshazikwa, akimshtaki kwa ukatili. Waliotengeneza filamu walitaka watu watoke ukumbini wakilia. Walitoka wakishika mbavu. Shika kikombe chako cha chai, msomaji wa Chepseon, maana mkasa huu wa California utatufikisha hadi milima ya Kericho.

Mbovu kuliko zote, na karibu bora kuliko zote

Katika tuzo za Razzie, zile za kuwazomea waliovurunda sinema, filamu hii iliteuliwa mara 9 ikanyakua 5, ikiwemo ya filamu mbovu ya mwaka. Mwaka 1990 ikavishwa taji la filamu mbovu ya muongo mzima! Faye Dunaway, aliyeigiza kama Crawford, alitajwa mwigizaji mbovu wa kike, sare na Bo Derek. Sasa sikia hili: kwa uigizaji huohuo, wahakiki wa filamu wa New York walimweka nafasi ya pili katika kura yao ya mwigizaji bora wa kike. Ni kama majani ya kichaka kimoja yakataliwe kituo cha kununulia chai asubuhi, kisha jioni yasifiwe mnadani Mombasa.

Marehemu alimsifu mapema

Mwaka 1971, miaka 10 kabla ya filamu, Crawford aliandika kwamba kati ya waigizaji wa kike waliokuwa wakichipukia, Dunaway ndiye aliyekuwa na kipaji na ujasiri wa kuwa nyota halisi. Alifariki Mei 1977. Hakupata kujua kwamba huyohuyo aliyemmwagia sifa ndiye angekuja kumgeuza kichekesho cha dunia.

Hanga iliyouza tiketi

Tukio lenyewe la hanga, ndani ya filamu, ni la usiku. Mama, uso umepakwa krimu nyeupe kama kinyago, anafungua kabati la binti na kukuta gauni la bei limetundikwa kwenye hanga ya waya, ile ya dobi. Anapandwa na wazimu. Anafoka, anamchapa mtoto kwa hanga hiyohiyo. Siku ya kulirekodi tukio hilo Dunaway alipiga kelele hadi sauti ikamkauka, na kwa maelezo yake mwenyewe, aliyemwonyesha namna ya kuirudisha ni mwimbaji Frank Sinatra.

Wiki chache baada ya filamu kutoka, watu walianza kwenda sinema wakiwa na hanga mkononi, wakiitikia maneno ya waigizaji kama kwaya. Kampuni ya Paramount ikanusa pesa: ikabadilisha matangazo na kuinadi tanzia yake kama kichekesho, hanga ikichorwa hapo hapo.

Lakini kuna jambo linaloniondolea kicheko. Crawford alizaliwa Lucille LeSueur, fukara, na utotoni Kansas City mama yake alifanya kazi katika duka la kufua nguo, nao wakaishi humohumo. Hanga za waya zilikuwa umaskini wake wenyewe. Ukilijua hilo, kabati lile halichekeshi sana.

Oscar ya mama mwema

Tuzo pekee ya Oscar aliyoshinda Crawford aliipata kwa Mildred Pierce, filamu ya 1945, alikoigiza mama anayejinyima kila kitu kwa ajili ya binti asiye na shukrani. Usiku wa tuzo, Machi 1946, alisema anaumwa, akaipokea kitandani mbele ya wapiga picha.

Mama achukua nafasi ya mwanawe

Mwaka 1968 Christina alikuwa akiigiza katika tamthilia ya televisheni, The Secret Storm. Alipolazwa hospitalini kwa upasuaji, nani akaingia kushika nafasi yake? Mama! Crawford, aliyekuwa na umri wa miaka sitini na kitu, aliigiza vipindi vinne kama mwanamke asiyefika hata miaka 30.

Habari chungu kwa nchi ya chai

Mume wake wa mwisho, Alfred Steele, alikuwa mkuu wa kampuni ya Pepsi. Alipofariki mwaka 1959, mjane aliingia katika bodi ya kampuni, na akawa akihakikisha soda hiyo inaonekana ndani ya filamu zake.

Watoto wanne, wawili wamefutwa

Crawford aliasili watoto wanne: Christina, Christopher, na wasichana wawili, Cathy na Cindy. Filamu inawaonyesha wawili wa kwanza tu. Hao wengine walikana madai ya dada yao na kusema mama waliyemjua wao alikuwa mwema. Wosia nao uliigawa familia vilevile: Cathy na Cindy waliachiwa dola 77,500 kila mmoja, Christina na Christopher hawakuachiwa hata senti. Walikwenda mahakamani, kesi ikaishia kwa maelewano ya dola 55,000.

Na Kenya je? Sheria yetu ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, miezi michache tu kabla ya filamu hiyo kutoka. Kifungu cha 26 kinamruhusu mtegemezi aliyeachwa nje ya wosia kuiomba mahakama impe fungu la kutosha.

Kericho haikuhitaji Las Vegas

Crawford alipomtaka Christina hakuwa na mume, na California haikumruhusu mwanamke wa peke yake kuasili, hivyo mambo yakapitishiwa Las Vegas, jimbo la Nevada. Kwa Wakipsigis wa Kericho na jirani zao Wanandi njia ya mwanamke kujipatia watoto ilikuwapo tangu zamani: mwanamke mzee asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe, huoa mwanamke kijana, na watoto watakaozaliwa huwa wa nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa ililazimika kuamua urithi wa mwanamke aliyeoa hivyo kwa mila ya Kinandi. Ndugu walipinga. Jaji akasema yule mke ni mke, na watoto wake ni warithi.