Randy Weston: piano iliyoanzia kwenye besi

Kijana akinijia anataka nimfundishe kupiga jazi, kazi ya kwanza ninayompa ni nyimbo za Randy Weston. Si rahisi, lakini zinamlazimisha autazame mkono wake wa kushoto. Sisi tunaopiga piano kwenye kumbi za hoteli hapa Unguja tumezoea kuutegemea mkono wa kulia, kwa kuwa ndio unaobeba wimbo na ndio wageni wanaousikia wakiwa wanakula. Weston alipiga kinyume. Wimbo wake unaanzia chini kabisa, kwenye zile sauti nene ambazo katika ngoma zetu ni kazi ya vumi na msondo. Huko juu mkono wa kulia unasema neno moja, unanyamaza, kisha unasema jingine.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926. Mama yake alitoka Virginia, na baba yake, Frank Edward Weston, alizaliwa Panama katika ukoo wa Kijamaika. Mzee huyo alikuwa na mgahawa, na nyumbani aliweka vitabu na ramani za Afrika. Alimwambia mwanawe tangu utotoni kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani. Kwa mtoto mweusi wa miaka ile, aliyefundishwa shuleni kwamba Afrika haina historia, maneno hayo yalikuwa malezi kamili. Mzee huyohuyo ndiye aliyesisitiza kijana ajifunze piano, wakati mwenyewe, kwa urefu wake, alitamani mpira wa kikapu.

Alipotoka jeshini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alifanya kazi kwenye mgahawa wa baba, ambako wanamuziki walikuja kula na kubishana usiku kucha. Mwalimu aliyemchagua mwenyewe alikuwa Thelonious Monk. Alimsikia kwanza akiwa katika bendi ya Coleman Hawkins, kisha akawa anakwenda nyumbani kwake kukaa na kumsikiliza. Kutoka kwa Monk alijifunza kwamba ukimya nao ni sehemu ya wimbo. Santuri yake ya kwanza ilitoka mwaka 1954, nayo ilikuwa ya nyimbo za Cole Porter. Haikuchukua muda akaanza kujulikana kwa tungo zake mwenyewe.

Inayopigwa zaidi hadi leo ni "Hi-Fly". Weston alikuwa na urefu wa zaidi ya mita mbili, na wimbo huo unahusu jinsi ardhi inavyoonekana kutoka huko juu. Sauti zake zinaruka hatua pana pana badala ya kupanda ngazi mojamoja, na ukiupiga huwezi kuukimbiza: ukizidisha mwendo unaporomoka. Cannonball Adderley aliurekodi mwaka 1959, na Art Blakey na bendi yake wakaurekodi mwaka huohuo. "Pam's Waltz" aliutunga kwa ajili ya bintiye, na "Little Niles" kwa ajili ya mwanawe, zote zikiwa ni nyimbo za mapigo matatu. Huo wa pili una majonzi kidogo, tofauti na tunavyotarajia wimbo wa mtoto uwe, na ndiyo maana naupenda. Niles huyo alikua akawa mpiga ngoma, akijulikana kwa jina la Azzedin, na akapiga pamoja na baba yake.

Sasa nifike kwenye kazi inayotuhusu sisi. Mwaka 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Weston aliamua kutunga kazi kubwa ya kuupokea uhuru huo. Akaiita "Uhuru Afrika". Ina sehemu nne: "Uhuru Kwanza", "African Lady", "Bantu" na "Kucheza Blues". Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes, na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni, aliipangia bendi ya wanamuziki zaidi ya 20. Weston alitaka shairi la kufungulia lisomwe kwa lugha ya Kiafrika. Akaenda kuwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa palepale New York ni lugha gani ifaayo. Wakamwambia Kiswahili.

Basi Mtanganyika Tuntemeke Sanga akalitia shairi lile katika Kiswahili na kulisoma mwenyewe studioni, mwezi Novemba 1960. Nchi yake ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Siku ya uhuru wake, tarehe 9 Desemba 1961, ilikuwa mbele kwa zaidi ya mwaka mzima. Katika bendi walikuwapo Mnigeria Babatunde Olatunji na Wakuba Candido na Armando Peraza kwenye ngoma, Max Roach akigonga nao, na Clark Terry na Freddie Hubbard kwenye tarumbeta. Kati ya magwiji hao unaisikia sauti ya mtu wa nyumbani ikitangaza uhuru kwa lugha tunayoombea chumvi mezani. Mimi sijaizoea mpaka leo. Mwaka 1964 serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo, nami nahesabu hilo kuwa sifa yake.

Liston hastahili kutajwa kwa kupitia tu. Tangu mwaka 1958 ndiye aliyeichukua tungo ya Weston, iliyotungwa kwa vidole kumi, akaigawa kwa bendi nzima bila kuipoteza ile besi. Alipata kiharusi mwaka 1985, na bado walirekodi pamoja "The Spirits of Our Ancestors" mwaka 1991.

Mwaka 1967, baada ya ziara ndefu ya Afrika Magharibi na Kaskazini, Weston alihamia Morocco, na mjini Tangier akafungua klabu ya muziki. Huko alikutana na Wagnawa, ambao mababu zao walipelekwa utumwani kutoka kusini ya Sahara. Chombo chao kikuu ni gimbri, yenye nyuzi tatu na ngozi ya ngamia, na sauti yake ni ya chini, nzito, tena inagongwa kama ngoma. Kwa Weston hiyo ilikuwa piano yake mwenyewe kabla piano haijatengenezwa. Wimbo wake "Blue Moses" umetoka katika nyimbo zao za ibada, na alisimulia kwamba wazee walimzuia kwanza asiupige hadharani. Alisubiri mpaka wakamruhusu.

Weston alifariki Brooklyn tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92, na mpaka mwisho alikuwa bado anapanda jukwaani.

Watangazaji wa redio zetu, nawaomba jambo moja. Kila Desemba mnatupigia nyimbo zilezile za Uhuru, nasi tunazipenda. Mwaka huu ongezeni "Uhuru Kwanza", na mtaje jina la Tuntemeke Sanga kabla ya kuupiga.