Kamera Rahisi, Hadithi Ghali

Wahenga wetu walinena kuwa chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Nami nimejaliwa kuishi hata nikaiona nyenzo ya sinema ikitoka mikononi mwa matajiri na kuingia mfukoni mwa kijana asiye na kazi.

Majuzi mpwa wangu alinijia barazani baada ya sala ya alasiri. "Shikamoo, mjomba. Nataka kumpiga filamu nyanya akisimulia harusi za zamani."

"Marahaba. Na pesa za filamu utazitoa wapi?"

Akacheka, akatoa simu.

Swali langu halikuwa la mzaha. Zamani filamu ilipigwa kwa ukanda wa selulodi, na ukanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 400 ulikwisha kwa dakika 11 hivi. Kisha ulipelekwa maabarani kusafishwa kwa dawa, mara nyingi ng'ambo, ndipo mwenyewe ajue kama amepata picha au amepata giza. Aliyekuwa na hadithi bila fedha alibaki nayo kifuani.

Mlango ulifunguka polepole. Nchini Nigeria, mwaka 1992, Kenneth Nnebue alitoa "Living in Bondage", filamu iliyopigwa kwa video na kuuzwa kwa kaseti za VHS, na soko kubwa likafuata nyuma yake. Mwaka 1995 Sony ilileta kamera ya dijitali DCR-VX1000, ambayo picha zake zilipitishwa kwa waya hadi kwenye kompyuta na kuunganishwa humo bila kupoteza ubora. Mwaka 1998 Mdenishi Thomas Vinterberg alipata tuzo ya majaji huko Cannes kwa "Festen", aliyoipiga kwa kamera ndogo ya video kama zile walizonunua watu wa kawaida madukani. Mwaka 2013 kampuni ya Blackmagic ilitangaza kamera ya sinema ya mfukoni kwa dola 995. Na mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker akaonyesha "Tangerine", iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s.

Nasi Kenya hatukulala. Watu wa River Road, Nairobi, walipiga video zao kwa lugha za kwao, wakaziuza kwa kaseti, kisha kwa diski, na soko lao likaitwa Riverwood.

Nayataja haya kwa sababu nina kidonda changu. Mwalimu wangu wa chuoni, aliyetufundisha kuandika ubaoni kwa kalamu ya mwanzi, alikuwa pia mghani wa tenzi. Mwaka 1991 wanawe walitaka apigwe video akighani. Mwenye kamera alitaka fedha ambazo hazikutimia hata tulipochanga. Tukasema, tungoje. Mauti hayakungoja. Leo sauti ile imebaki masikioni mwetu wachache, nasi tunapungua.

Basi nikamruhusu mpwa wangu. Lakini mama yangu, kabla ya kuketi, aliuliza neno moja: "Nani ataniona?"

Kijana akakosa jibu, maana picha ikishatoka simuni haina mlango wala pazia. Tukakubaliana kuwa apigwe mikono tu, ikichambua mchele, na sauti yake isikike. Akasimulia nusu saa nzima. Alipofika kwa dada yake, aliyeolewa akavuka bahari asirudi tena, alinyamaza kitambo, akajifuta uso kwa ukaya, kisha akaendelea.

Usiku tulitazama. Picha ilikuwa safi ajabu, hata punje za mchele ungezihesabu. Sauti ilikuwa ya feni. Maneno ya mama yalizama chini ya mvumo ule, nasi sote wawili hatukuwa tumekumbuka kuizima.

Kesho yake tukarudia, feni imezimwa, maikrofoni ndogo imebanwa nguoni. Mama alisimulia yote, kila neno likasikika. Lakini alipofika kwa dada yake hakunyamaza. Alipita kama msomaji wa tangazo. Lile lililotoka moyoni lilikwisha toka jana yake.

Hapo ndipo nilipoelewa. Katika Kiswahili chetu neno "rahisi" lina maana mbili, na vijana wasizichanganye. Kamera imekuwa rahisi kwa bei. Kazi haijawa rahisi. Kalamu ya mwanzi haikugharimu kitu, wala si kila aliyeishika alikuwa malenga. Bado yatakiwa sikio, subira, idhini ya mwenye uso wake, na nakala mbili zilizowekwa mahali pawili, kwani simu ikianguka kisimani huondoka na ukoo mzima.

Hata hivyo simvunji moyo kijana wala sisemi angoje. Kungoja nimekwisha kuonja uchungu wake. Mtaa wa pili yuko mzee fundi wa majahazi, naye amekubali. Ijumaa, inshallah, tutakwenda kwake, na safari hii jambo la kwanza litakuwa kuzima feni.