MIFUMO MIWILI KATIKA KOMPYUTA MOJA: MAMBO YANAYOPASWA KUELEWEKA NA VIONGOZI WA VYAMA

Daftari la chama ni mali ya wanachama wote. Kilo za kahawa au za tangawizi alizoleta mkulima wa Mamba, Chome au Gonja, na fedha alizolipwa, zikishaingizwa katika kompyuta, mashine hiyo imekuwa sehemu ya ghala la chama, nayo haina budi kulindwa kama ghala linavyolindwa. Kwa hiyo yafaa kila Bodi na kila Meneja aelewe jinsi kompyuta yenye mifumo miwili, Windows na Linux, inavyowaka, na hatua za kuchukua mfumo mmoja unapotoweka.

Sababu ya kuweka mifumo miwili

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya bure kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11, na kununua mpya ni mzigo kwa chama kidogo. Linux haina malipo ya leseni, wala si ngeni nchini: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo, baadhi ya programu za hesabu hutumika katika Windows peke yake. Ndiyo maana chama chaweza kuamua kuiacha Windows kwa hesabu hizo tu, bila intaneti, na kutumia Linux kwa barua na kwa mfumo wa MUVU.

Kazi ya butiloda

Mashine inapowashwa haijui mfumo wowote. Huanza kwa kutafuta programu ndogo iitwayo butiloda, ambayo kazi yake ni kuuita mfumo wenyewe kutoka kwenye diski. Windows ina butiloda yake; Linux kwa kawaida hutumia iitwayo GRUB, ambayo huonyesha orodha ili mtumiaji achague.

Katika mashine za zamani butiloda ilianzia kwenye kipande cha kwanza cha diski, chenye baiti 512 tu. Nafasi ilikuwa moja, na mfumo uliowekwa mwisho ndio ulioitwaa. Kwa sababu hiyo Windows hutangulia kuwekwa, Linux ikafuata. Katika mashine za UEFI kila mfumo una folda yake katika sehemu maalumu ya diski, na kompyuta hutunza orodha ya nani aitwe kwanza. Mifumo yote miwili iwekwe kwa njia ya UEFI. Ikichanganywa na njia ya zamani, haitaonana katika orodha moja.

Mfumo ukitoweka

Yafaa ieleweke wazi kwamba mfumo kutoonekana si sawa na daftari kupotea. Mara nyingi kilichobadilika ni mpangilio wa kuita tu, na kumbukumbu zote ziko mahali pake. Hasara kubwa huja pale mtu mwenye haraka anaposhauri diski ifutwe na kila kitu kiwekwe upya. Ushauri huo usikubaliwe kabla ya hatua zifuatazo:

(a) Linux ikitoweka baada ya Windows kusasishwa, ibonyezwe kitufe cha orodha ya kuwashia (F12, F9 au Esc, kufuatana na aina ya mashine), na Linux ichaguliwe. Ikiwaka, kilichobaki ni kuirudisha juu katika mpangilio wa UEFI.

(b) Windows ikikosekana katika orodha ya GRUB, sababu yaweza kuwa kwamba tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021 GRUB haitafuti mifumo mingine mpaka iruhusiwe. Katika faili la /etc/default/grub uandikwe mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha, katika Ubuntu, itolewe amri sudo update-grub.

(c) GRUB yenyewe ikiharibika, Linux iwashwe kutoka kwenye flashi, daftari linakiliwe nje kwanza, ndipo GRUB iwekwe upya.

Mfano mzuri ni wa Agosti 2024. Sasisho la usalama la Windows lilizikataa butiloda za zamani za Linux, na kompyuta nyingi duniani zikashindwa kuiwasha Linux. Kumbukumbu hazikuguswa. Waliozima kwa muda ulinzi uitwao Secure Boot, wakasahihisha mpangilio uliobadilishwa, kisha wakasasisha Linux na kuuwasha ulinzi tena, waliendelea na kazi. Waliofuta diski walifuta bure.

Tahadhari tatu

Kwanza, kubadili mpangilio wa kuwasha kwaweza kuifanya Windows idai namba ya BitLocker, yenye tarakimu 48. Bila namba hiyo diski haifunguki. Iandikwe karatasini na kufungiwa katika sefu ya chama, isikae kichwani mwa karani mmoja.

Pili, Windows huwa na mtindo wa kuzima haraka, ambao huiacha diski katika hali ya nusu usingizi. Linux ikilazimishwa kuandika humo, mafaili yaweza kuharibika. Mtindo huo uzimwe.

Tatu, Linux huitunza saa ya mashine kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Tanzania kwa saa tatu. Windows huisoma saa hiyo hiyo kama ya hapa. Hivyo stakabadhi ya saa 4 asubuhi yaweza kuchapwa kuwa ya saa 1, na mkaguzi atakuwa na haki ya kuuliza. Amri timedatectl set-local-rtc 1, ikitolewa katika Linux, huondoa hitilafu hiyo.

Wajibu wa Bodi

Bodi ihakikishe kwamba nakala ya daftari inatolewa kila siku ya mapokezi ya mazao na kuwekwa nje ya kompyuta. Kwamba flashi ya Linux ipo ofisini. Na kwamba hakuna fundi anayefuta diski bila idhini ya maandishi. Chama chenye nakala hakilazimiki kukubali neno la fundi kwa hofu, wala hakitamwomba mkulima akumbuke mwenyewe kilo alizoleta.