Espreso ya nyumbani: usilaumu mashini

Bandugu, miezi miwili nililaumu mashini yangu ya mitumba. Kahawa ilikuwa arabika safi ya Idjwi, lakini kikombe kichachu sawa ndimu. Kumbe kosa lilikuwa kwa kusaga: unga mnene, maji yanapita mbio bila kubeba utamu.

Sasa napima gramu 18 za unga, nashindilia sawasawa, nahesabu. Gramu 36 za kahawa ndani ya sekunde 25 mpaka 30, iko muzuri. Ikimaliza kwa 15, saga laini zaidi. Ikichelewa na kuwa chungu, saga mnene kidogo. Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Mizani njo ya kununua kwanza. Umeme ukikatika, nachemsha ya kawaida kwa makala.